Chanzo: Google

Fungua daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili aliyetumwa kutafuta habari mtandaoni, nenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho, na huenda ukakuta maneno haya: "Chanzo: Google." Wengine huandika "Chanzo: Intaneti." Aya tatu kuhusu mmomonyoko wa udongo, ramani ya Ziwa Tanganyika, picha ya Kilimanjaro jua likizama, vyote vimetoka mahali pamoja. Mwalimu anaweka vema, anatia saini, somo linasonga mbele.

Nayachukulia maneno hayo kwa uzito kwa sababu yameandikwa na mtoto mwaminifu. Aliyekusudia kudanganya asingetaja chanzo chochote. Huyu amejua kwamba panatakiwa jina, akaandika lililokuwa mbele ya macho yake. Lakini Google haikupanda Kilimanjaro. Kuna mtu aliyesimama kwenye baridi na kamera akisubiri jua lishuke, kuna aliyeketi akaandika zile aya tatu, kuna aliyechora ile ramani. Mashine ya kutafutia ilimfikisha mtoto mlangoni kwao tu. Tumemfundisha kutafuta. Kuuliza hii ni ya nani, na mwenyewe amesema itumiwe vipi, hatujamfundisha.

Pale tunapofundisha, mara nyingi tunaanza na makatazo. Mwalimu anaingia na orodha ya faini, anataja kifungo, anatumia neno "wizi" kabla hajasema neno "mtunzi". Watoto wanasikiliza kwa adabu, kengele inalia, na jioni wanarudi kwenye simu za wazazi wao kupakua kama kawaida. Sheria waliyosomewa ni ya watu wengine: wanamuziki wakubwa, kampuni za filamu, wachapishaji wa mjini. Wao wenyewe hawamo. Ushauri wangu kwa mwalimu ni kuanza na mwanafunzi akiwa mwenye mali.

Waambie waandike kisa cha ukurasa mmoja, au wachore, au wapige picha ya jambo lolote la shuleni kwao: foleni ya uji, mti wa mwembe nyuma ya jiko, timu ya netiboli ikifanya mazoezi. Kazi zikikamilika, waambie jambo ambalo huwashangaza: tangu ulipokiweka kisa hicho kwenye karatasi, ni chako kisheria. Hukulipa ada, hukwenda ofisini, hukujaza fomu. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886, umejengwa juu ya kanuni kwamba haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, na Kenya ilijiunga nao mwaka 1993, Tanzania mwaka uliofuata. Leo nchi zaidi ya 180 zimo. Kisa cha binti wa miaka 14 wa Kigoma kinatambuliwa Brazili na Japani sawasawa na riwaya ya mwandishi mashuhuri. Kusajili kazi kwenye taasisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kunasaidia sana siku ya kuthibitisha nani alitangulia, lakini haki yenyewe haisubiri usajili.

Somo linalofuata ndilo lenye uzito zaidi. Kusanya kazi hizo, uzigawe kwa kubadilishana: kundi la kwanza lipewe za kundi la pili, na kila kundi litengeneze bango la ukutani kwa kutumia nakala za kazi lililopewa. Usiwape masharti. Watakata picha ili ienee, watabadilisha kichwa cha kisa, watachukua aya moja na kuacha nyingine, na majina watayasahau karibu yote. Mabango yakishabandikwa, wape nafasi ya kuzunguka na kuangalia.

Minong'ono itaanza. Mmoja atasema, "Hii picha niliipiga mimi, mbona jina langu halipo?" Mwingine jina halimsumbui, ila ameudhika kwamba mchoro wake umekatwa nusu na sasa unaonekana kama alichora vibaya. Wa tatu atasema hana shida, chukueni, mradi watu waone. Wa nne atauliza kama bango hilo litawekwa siku ya wazazi na wageni watoe mchango, naye atapata nini. Andika majibu hayo manne ubaoni kama yalivyosemwa, kisha ndipo uichukue sheria. Haki ya kutajwa imo, haki ya kazi kutopotoshwa imo, haki ya kutoa ruhusa bure imo, na haki ya malipo imo. Darasa limezitaja zote kabla ya kusomewa kifungu hata kimoja, na tangu hapo ukisema "mwenye kazi" kila mtoto ana sura ya mtu akilini, na kwa wengi ni sura yake mwenyewe.

Zoezi hili linataka uangalifu. Usitumie kazi iliyobeba siri ya mtoto, kama insha ya msiba nyumbani. Na mwisho wake warudishie mamlaka yao: kila mmoja aseme kazi yake ibaki ukutani au ishushwe, irekebishwe au ibaki hivyo. Anayetaka ishushwe asidaiwe sababu. Kwa wengine hiyo itakuwa mara ya kwanza shuleni kuona neno lao kuhusu kazi yao likitiiwa papo hapo.

Huwa naambiwa, na walimu wenzangu hasa, kwamba haya yote ni mambo ya kuletewa, kwamba Waswahili walikuwa wakisimuliana na kuimbiana bila kuulizana mwenyewe nani. Kwa ngano za sungura na fisi ni kweli, hazina mtunzi mmoja, ingawa hata hizo sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 imezitengea sehemu yake chini ya sanaa za jadi. Kwa ushairi si kweli hata kidogo. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, alilitia jina lake mwishoni pamoja na Pate alikozaliwa, na tarehe akaitaja. Watunzi wengi wa tenzi walifanya vivyo hivyo, wakijua kwamba kazi itanakiliwa kwa mkono kutoka nyumba hadi nyumba na jina lililo nje ya beti litapotea njiani. Walilifunga jina ndani ya mizani ili mnakili asiweze kulidondosha. Baadaye, magazeti yalipoanza kutoa kurasa za mashairi, na *Mambo Leo* lilianza mwaka 1923, malenga waliendelea kutia jina na mji wao chini ya shairi, na aliyejibu shairi la mwenzake alimtaja. Malumbano hayaendi bila kujua nani kasema nini. Mwanafunzi anayeandika "Chanzo: Google" ameachia desturi ya kwao wenyewe, na mwalimu wa Kiswahili ana kila sababu ya kumrudisha huko kabla ya kumpeleka Berne.

Sasa tofauti ambayo hata watu wazima huichanganya. Kutaja jina ni jambo moja na kuwa na ruhusa ni jambo jingine, na njia bora niijuayo ya kuionyesha ni kuwaweka washairi na waandishi wetu kwenye hesabu ya miaka.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Sheria za Tanzania na Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, basi mashairi ya Muyaka ni mali ya kila mtu. Mwanafunzi akiyaweka yote mtandaoni hajavunja hakimiliki ya yeyote. Lakini akiliweka shairi moja la Muyaka na kuandika jina lake mwenyewe chini yake, amesema uongo. Hakuna mrithi wa kumshtaki, hakuna mahakama, na bado mwalimu anapaswa kumpa sifuri na kukaa naye chini, kwa sababu amejivika ubunifu wa mtu mwingine.

Geuza. Euphrase Kezilahabi, aliyetuandikia *Rosa Mistika* mwaka 1971, alifariki Januari 2020. Haki zake zinaishi hadi mwisho wa mwaka 2070. Mwanafunzi akiipiga picha riwaya nzima ukurasa kwa ukurasa, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kidato chote na kuandika kwa herufi kubwa "Mtunzi: E. Kezilahabi", hajadanganya mtu. Jina lipo, heshima ipo. Ila amekiuka sheria, na jina alilolitaja halimwokoi. Kosa la kwanza ni la uaminifu, la pili ni la haki, na mtoto anaweza kulifanya moja bila jingine. Nimeona mabango ya shule yakifundisha kwamba "taja chanzo ili usivunje hakimiliki". Ushauri huo una nia njema na unapotosha.

Muyaka ana somo la pili ndani yake. Mashairi yake yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika katika karne ya 19, akifanya kazi na mmisionari Mwingereza William Taylor. Mwaka 1940 William Hichens aliyachapa kitabuni, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz aliyatoa upya pamoja na utangulizi, maelezo na tafsiri ya Kiingereza. Beti ni za Muyaka na ziko huru. Utangulizi na maelezo ni jasho la Abdulaziz, nayo yana mwenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi anayepiga picha ukurasa wa kitabu hicho amebeba vitu viwili kwa mkupuo mmoja, na sharti ajifunze kuvitenganisha. Ndivyo ilivyo pia kwa *Mabepari wa Venisi*. Shakespeare alikufa mwaka 1616, na Julius Nyerere hakuhitaji kibali cha mtu alipomfasiri. Tafsiri yake, iliyotoka mwaka 1969, ni kazi ya Nyerere, na kwa kuwa alifariki mwaka 1999 italindwa hadi mwisho wa 2049.

Hapo kwenye tafsiri napenda kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo wanafunzi wetu wanapoteleza bila kujua. Habari nyingi mtandaoni ziko kwa Kiingereza. Mtoto anapata makala nzuri kuhusu malaria, anaifasiri neno kwa neno, tena kwa shida, kamusi pembeni, na akimaliza anaamini ameandika yeye. Amefanya kazi, hilo sikatai. Hata hivyo mpangilio wa hoja, mifano, mwanzo na mwisho ni vya mwandishi wa kwanza, na haki ya kuifasiri makala ni ya mwandishi huyo. Mfundishe tofauti kati ya ukweli na namna ulivyosemwa. Kwamba Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895 ni jambo lisilo na mwenyewe. Kwamba malaria huenezwa na mbu jike aina ya Anofelesi ni hivyo hivyo. Achukue ukweli kutoka kurasa tatu tofauti, afunge simu, aandike kwa maneno yake kile alichokielewa, kisha ataje kurasa zote tatu. Kule kufunga simu kabla ya kuandika kunasaidia kuliko maonyo yote ninayoyajua.

Tuje kwenye fotokopi, maana hakuna darasa la Afrika Mashariki ambamo hakimiliki inaweza kufundishwa kwa ukweli bila kuigusa. Karibu na kila shule na kila chuo kuna steshenari, na ndani ya steshenari kuna mashine inayotoa kitabu kizima kwa bei ndogo kuliko ya dukani. Kitabu cha fasihi ni kimoja kwa wanafunzi wengi. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa hilo na kusema tu "msinakili" hajawasaidia, na wao wanajua hajawasaidia.

Waeleze sheria ilivyo, kwa sababu ina nafasi zaidi ya wanavyodhani. Sheria ya Tanzania inaruhusu kunukuu na kutumia sehemu ya kazi kufundishia, kwa kiasi kinacholingana na lengo na kwa kutaja chanzo na mtunzi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 iliruhusu matumizi ya haki kwa utafiti, kwa kusoma binafsi na kwa uhakiki, na ikamruhusu anayeandaa mkusanyiko wa shule kuingiza vifungu vifupi visivyozidi viwili vya kazi moja, jina la kazi na la mtunzi vikitajwa. Mwalimu anayetoa kopi ya kurasa chache za riwaya ili darasa lichambue mhusika mmoja yuko mahali tofauti kabisa na mwenye mashine anayetoa riwaya yote, anaijalidi na kuiuza mlangoni. Maswali ya kujiuliza ni yale yale kila mara: ni sehemu au ni kitu chote? Ni kwa somo au ni kwa biashara? Nakala hii inamfanya mtu asinunue kitabu ambacho angekinunua?

Na kuna mengi yasiyohitaji ruhusa yoyote. Kitabu ulichonunua ni chako kukiazima, kumpa mdogo wako, kukiuza mitumba ukimaliza shule. Kusomeana kwa sauti darasani hakuna tatizo. Darasa linaweza kuchangia nakala chache halali na kupangiana zamu, siku mbili kwa kila jozi, na daftari la zamu likatunzwa na kiranja. Usichopata kwa kununua kitabu ni haki ya kukizidisha. Mwanafunzi asiyeona yuko kwenye hali ya pekee: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliandikwa ili vitabu viweze kugeuzwa kuwa breli, sauti au maandishi makubwa bila kumwomba mwenye haki, na Kenya na Tanzania zote mbili zimejiunga. Mwalimu wa shule jumuishi asiogope kabisa kutumia nafasi hiyo.

Waonyeshe pia upande wa mwandishi. Kwa mtu anayeandika kwa Kiswahili, kuchaguliwa kuwa kitabu cha lazima shuleni ni mojawapo ya nafasi chache za kupata mrabaha wa maana. Nchini Kenya, *Chozi la Heri* cha Assumpta Matei na *Bembea ya Maisha* cha Timothy Arege vilisomwa na watahiniwa wa nchi nzima. Kitabu kikifika hapo, nakala haramu hukifuata, zilizochapwa na za simu, na kila moja iliyochukua nafasi ya nakala halali imemnyima mwandishi malipo yake. Riwaya ijayo huandikwa na mtu aliyepata muda wa kuiandika, na muda huo hulipiwa na mrabaha wa ile iliyotangulia.

Kama darasa linataka kisa kinachouma, wape cha Solomon Linda. Alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939 na kupokea malipo madogo ya mara moja. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, ukaimbwa na watu wengi, na hatimaye ukaingia kwenye filamu ya *The Lion King* ya mwaka 1994, ambayo wanafunzi wako wengi wameiona. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Mabinti zake walifungua kesi mwaka 2004 wakitegemea sheria ya kifalme ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyosema haki alizouza mtunzi hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake, na mwaka 2006 pande zikapatana nje ya mahakama. Kwetu tunao "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M. wakauimba mwaka 1981, na mpaka leo watu wanabishana nani hasa aliutunga. Adam Salim, Grant Charo na Lucas Tututu wote wametajwa. Laiti tarehe na jina vingeandikwa mahali siku ya kwanza, mabishano hayo yasingekuwepo. Waambie wanafunzi waweke tarehe kwenye kila wanachokitunga.

Baada ya hapo fundisha mahali ambapo mlango umeachwa wazi makusudi. Tangu mwaka 2002 kuna leseni za Creative Commons, ambazo mtunzi huzibandika kwenye kazi yake kutangaza mapema anachoruhusu. Alama ya BY inataka jina litajwe. SA inataka kazi itakayotokana na hiyo itolewe kwa masharti yale yale. NC inakataza biashara, na ND inakataza kubadilisha. Wanafunzi huzishika upesi ukiwapa mifano ya shule yao wenyewe. Kalenda ya kuuza siku ya mahafali isitumie picha ya NC, hata kama pesa ni za kununulia madawati. Picha ya ND haikatwi ili ienee kwenye bango, na hadithi ya ND haifasiriwi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaruhusu kunakili na kufasiri kwa sharti la kutaja na kuendeleza leseni hiyo hiyo. Wikimedia Commons ina picha zenye maelezo ya nani alipiga na kwa leseni ipi. African Storybook ina hadithi za watoto zenye michoro, za Kiswahili zikiwemo, ambazo darasa linaweza kuzichapa, kuzifasiri na hata kuzibadilisha.

Kutoka hapo "Chanzo: Google" hupata mrithi wake: jina la picha, jina la mpigaji, tovuti ilipopatikana, leseni, tarehe ya kuitazama. Mstari mmoja. Usikubali kazi isiyo nao, na uutolee alama, kwa maana wanafunzi hujua kipi mwalimu anakithamini kwa kuangalia alama zinakwenda wapi. Kitu kinachosomwa bure kisichanganywe na kitu kilicho huru: maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania humruhusu mtoto kusoma kiada bila malipo, na hilo si kibali cha kukipakua kitabu hicho na kukisambaza kwa jina la shule yako.

Picha za watu zina jambo la ziada. Aliyepiga ndiye mwenye hakimiliki, lakini aliye ndani ya picha ana haki yake nyingine, na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinamhusu. Mwanafunzi aliyempiga picha mwenzake akiwa amesinzia darasani anaimiliki ile picha na bado hana ruhusa ya kuirusha.

Yote haya hayatashika ikiwa mwalimu mwenyewe hafuati. Wanafunzi wanaona. Wanaona mtihani wa majaribio uliochukuliwa mzima kutoka shule nyingine, nembo ikiwa imefutwa kwa wino mweupe. Wanaona notisi za mwalimu wa mkoa mwingine zikiuzwa kwenye kundi la simu na mtu asiyeziandika. Wanaona ukurasa wa shule ukitumia picha ya maabara ambayo haipo shuleni kwao. Anza na notisi zako: andika chini ya kila ukurasa umetoa wapi, na pale ulipotunga mwenyewe, tia jina lako na tarehe.

Kuhusu akili unde nitasema machache, maana zana zenyewe zinabadilika haraka. Mwanafunzi akiiuliza programu swali, jibu linakuja laini na bila jina la mtu yeyote, na akiomba marejeo anaweza kupewa vitabu ambavyo havikuwahi kuandikwa. Kwangu kanuni ya darasani inatosha: anayeitumia aseme ameitumia na kwa sehemu ipi, na kila taarifa aliyoipata humo aitafutie ukurasa wenye mwandishi anayejulikana. Asipoupata, taarifa hiyo isiingie kwenye kazi yake.

Zoezi la mwisho ni barua. Kila kundi lichague picha, shairi au wimbo ambao halina leseni yake, limtafute mwenyewe na kumwomba. Barua iseme wao ni nani, wanataka kazi ipi, wataiweka wapi, kwa muda gani, watu wangapi wataiona, kama kutakuwa na kiingilio, na kama wataikata au kuibadilisha kwa namna yoyote. Itumwe kwa anwani ya shule, kamwe isitumwe kwa namba ya simu ya mtoto. Wafundishe kuandika kwa unyenyekevu bila kubembeleza, maana mwombwaji ana haki ya kukataa na hadaiwi maelezo. Majibu yatakuwa ya kila aina. Wapo watakaosema ndiyo na kuongeza hadithi ya jinsi picha ilivyopigwa, na barua hizo husomwa darasani kwa furaha kubwa. Wapo watakaotaja bei. Wengi watakaa kimya, na kimya kihesabiwe kuwa hapana: kundi hilo litachora ramani yake lenyewe, au litatafuta picha yenye leseni. Barua na majibu yote yatunzwe kwenye faili moja ofisini, yenye tarehe, kwa sababu aliyekubali picha yake itumike kwenye maonyesho ya mwaka huu hajaikubalia kalenda ya mwaka ujao, na darasa litakalokuja litahitaji kujua ni nini hasa aliahidiwa.